Chuma Mbili, Chuma Tatu

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati la karakana. La pili lilimpata Konstebo Kalisti begani. Inspekta Melania Maduhu hakusubiri la tatu. Alivuta komeo la geti, akatoka nje peke yake, akasimama mbele ya umati uliokuwa umeziba njia.

"Aliyerusha hilo aje aliokote," alisema.

Hakuja mtu. Ujasiri wa umati ni wa kuazima, na ukiulizwa mwenyewe ni nani kila mmoja hutazama viatu vyake. Walikuwa wanaapolo, wachimbaji wadogo kutoka machimbo ya upande wa Geita, waliofika Kahama kwa lori la mbao na buti zenye udongo mwekundu. Tangu jana walikuwa wamepiga kambi hapo Nyasubi, mbele ya karakana ya kusafishia dhahabu ya Vipul Pranlal. Tangu jana hakuna pikipiki wala mkokoteni uliotoka humo, na kila aliyevuka geti kwa miguu walimpekua mpaka kwenye soksi.

Mbele alisogea Bujiku, mwenye duara, yaani mwenye shimo lenyewe lililotoa dhahabu. Alikuwa mtu mpana wa shingo, na hasira ilikuwa imemkausha sauti.

"Mayu, mama yetu, sisi na serikali hatuna ugomvi. Tupe Luka, tumalizane naye wenyewe."

"Luka yuko selo na mkono wake wa kulia umevunjika. Mlitaka kumalizia wapi, shingoni?"

"Ametuibia dhahabu yetu."

"Ulimwona akiichukua?"

"Nimeiona ikiingia, sijaiona ikitoka. Huko kwenu polisi mtu wa hivyo mnamwitaje?"

Hapo alikuwa na hoja, na hoja hiyo ilimuudhi Melania kuliko mawe. Dhahabu ya machimboni haitoki safi. Hutoka imeshikana na fedha na shaba. Fundi huiyeyusha ndani ya asidi mpaka yote inakuwa maji ya njano, huyachuja, kisha hutia chumvi iitwayo salfeti ya chuma. Chumvi ikiingia, dhahabu hujitenga na maji na kushuka chini kama tope la kahawia. Tope hilo likiyeyushwa kwa moto ndilo linakuwa kipande cha kung'aa ambacho watu huuana kwa ajili yake. Jana Bujiku na wenzake walikaa na kutazama kila hatua bila kupepesa macho. Luka, fundi wa karakana, alitia chumvi, wakangoja. Tope halikushuka. Chembe moja ya dhahabu haikuonekana, na wanaapolo wakamrukia.

Mkuu wa kituo alikwisha kuamua. Asubuhi hiyo alimwambia Melania, bila kuinua macho kwenye simu yake, kwamba Luka atasomewa mashtaka jioni na kupelekwa mahabusu, umati utawanyike, mji upumue. "Ukiwa na lingine lilete kabla ya jioni. Kama huna, usinisumbue." Wote wawili walijua kwamba mahabusu ya gereza ilikuwa imejaa wachimbaji waliokamatwa kwa kuvamia leseni za watu. Fundi aliyemeza dhahabu ya wenzao asingetoka huko akitembea.

Melania alirudi ndani na kufunga geti.

"Umemaliza kuhutubia?" aliuliza Vipul. Alikuwa ameketi kwenye stuli nyuma ya mizani, shati limepigwa pasi, uso umekunjwa. "Baba yangu Pranlal alisafisha dhahabu ndani ya chumba hiki mpaka anakufa, hajawahi kurushiwa hata kokwa la embe. Mimi narushiwa mawe, na polisi wananiuliza maswali mimi."

"Na utajibu. Kemikali anaagiza nani?"

"Mimi, kwa simu. Kwa Mama Zahida, Ibadakuli."

"Nani anazifuata?"

"Donatus. Ulitaka niende mimi na kiroba kichwani?"

Donatus alikuwa pembeni akisugua sakafu, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Alisimama na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba."

"Naomba jambo moja tu. Lile dumu la maji machafu lililopo stoo. Ile ni sumu, mvuke wake unauma kifua. Siku zote huwa nalitoa jioni ileile. Niruhusu nilitoe kabla hatujadhurika humu."

"Hakitoki kitu."

"Ni taka, afande."

"Hata taka."

Vipul alisonya. "Mwache aondoe uchafu wake! Maji machafu ni ya Donatus toka zamani. Anayachemsha huko kwake, anapata shaba kidogo, anauza. Ni kama marudio."

Marudio Melania aliyajua. Alikulia katikati ya karasha, zile mashine za kusaga mawe. Mchimbaji huleta mawe yake, husagiwa, huosha mchanga na kuchukua dhahabu yake. Mchanga unaobaki ndio marudio, na ni mali ya mwenye karasha. Mchimbaji hageuki kuutazama. Anayegeuka huonekana mchoyo, na mwakani hakuna karasha itakayompokea. Desturi hiyo haikuandikwa popote, lakini inatiiwa na watu wengi kuliko sheria za bunge.

Alifungua kabati la kemikali. Kopo alilolitaka lilikuwa mbele kabisa, limeandikwa kwa mkono wa Luka: SALFETI YA CHUMA. Mfuniko ulikuwa umekaza mpaka akalazimika kuubandua kwa mpini wa kijiko. Ndani mlikuwa na unga wa njano iliyofifia.

"Chumvi hii huwa na rangi gani?"

"Kijani," alisema Vipul. "Imezeeka. Ikipata hewa inaharibika, inakuwa njano hivyo. Nimemwambia Luka mara ngapi afunge makopo? Basi, kesi yako ndiyo hiyo. Uzembe. Andika uzembe, uwaondoe hawa watu getini kwangu."

"Kopo lisilofungwa vizuri halihitaji kijiko kulifungua," alisema Melania. Alichota unga kidogo, akautia kwenye bahasha, akaifunga.

Kumbe Donatus alikuwa ameacha kusugua. Melania alipogeuka, brashi ikaanza tena.

*

Selo ilinuka jasho na dawa ya kidonda. Luka alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake umefungwa kwa kipande cha boksi na kitambaa cha kanga. Alipomwona Melania hakusimama.

"Umekuja kunipekua tumbo? Jana wamenipa mafuta ya mnyonyo ninywe. Nendeni mkachokoe chooni, labda mtapata."

"Nimekuja kuuliza kuhusu chumvi."

"Chumvi!" Luka alicheka bila furaha. "Watu wamenivunja mkono wa kazi, na wewe unauliza chumvi."

"Uliiona kuwa ni ya njano?"

Kicheko kilikatika. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Niliiona. Nilidhani imezeeka njiani. Iliyozeeka kidogo bado inafanya kazi, unaongeza tu vijiko. Niliongeza. Nikaongeza tena. Hakuna."

"Ulilijaza kopo lini?"

"Wiki hii. Donatus aliniletea kwenye mfuko mweupe wa plastiki, nikamimina. Ya zamani ilikuwa imekwisha."

"Haukuwa na maandishi, huo mfuko?"

"Maandishi ya nini? Salfeti ya chuma ni salfeti ya chuma. Ndivyo tunavyoiita, ndivyo bosi anavyoiagiza."

"Na dhahabu iko wapi, Luka?"

"Iko kwenye maji!" Alipiga ukuta kwa mkono mzima, na maumivu yakamrudia kwenye ule mwingine. "Jana nililia hilohilo. Iko majini, haijashuka, msimwage maji, nileteeni chumvi nyingine! Wakaona nawatukana. Mtu anavunjwa mkono huku anasema iko majini, na wao wanapekua mifuko yangu."

Melania alikunja bahasha na kuirudisha mfukoni. Angeweza kwenda kujaribu yale maji papo hapo. Lakini dhahabu ikionekana ndani ya dumu, umati ungesema Luka aliificha humo, na mkuu wa kituo angesema hivyohivyo kwa sauti kubwa zaidi. Kwanza alitaka kujua chumvi ile ilifikaje kwenye kopo. Njia zilikuwa tatu: imezeeka yenyewe, Luka ameibadilisha, au ilitoka Ibadakuli ikiwa hivyo.

"Usiseme na mtu yeyote habari za maji," alimwambia.

"Nani ananisikiliza?" alisema Luka, akafumba macho.

*

Ghala la Mama Zahida lilikuwa Ibadakuli, Shinyanga, jirani na uwanja wa ndege, na mlango wake ulikuwa na nondo zinazotosha gereza. Mwenyewe, Bi Sherbanu, alikuwa mama mnene aliyejitanda mtandio mweusi, na aliuza kemikali kwa maabara za shule na karakana za kanda nzima. Alipoona sare, na jina lililoandikwa kifuani, hakufungua. Alizungumza kupitia nondo.

"Shikamoo, Mama Zahida."

"Marahaba. Mara ya mwisho sare hiyo kuja hapa ilichukua asidi yangu kwenda kuikagua. Bado inakaguliwa mpaka leo. Safari hii mnakagua nini?"

"Nimekuja kununua. Salfeti ya chuma."

"Ipi?"

"Salfeti ya chuma."

"Nimesikia, si kiziwi. Ipi? Ukisimama sokoni Shinyanga ukaita Maduhu, wataitika Maduhu wangapi? Sodiamu ana chaji moja tu maisha yake yote. Ukisema salfeti ya sodiamu, nakupa, nenda zako. Chuma ni kigeugeu. Mahali pengine anatoa mbili, mahali pengine tatu, na kila akibadilika anakuwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana jina lake linabeba namba. Chuma mbili au chuma tatu? Asiyejua namba simuuzii, asije akaniletea balaa."

Melania alipitisha bahasha katikati ya nondo. "Basi niambie hii ni ipi."

Bi Sherbanu aliutazama unga, akamtazama Melania, kisha akanyanyua kiroba kidogo na kukigeuza upande wa chapa. Ilisomeka Fe₂(SO₄)₃.

"Umesoma? Hesabu mwenyewe. Sifanyii kazi polisi bure."

Melania hakuwa amefanya hesabu hiyo tangu sekondari, na hakupenda kutahiniwa mlangoni mbele ya dereva wake. Lakini aliifanya. "Salfeti ziko tatu. Kila moja ina chaji hasi mbili. Jumla hasi sita. Chuma viko viwili, lazima vilete chanya sita ili zilingane. Sita kwa viwili, kila kimoja tatu. Hii ni chuma tatu."

"Hm," alisema Bi Sherbanu. Akafungua mlango.

Aliyeyusha unga wa bahasha ndani ya maji, akagawa kwenye neli mbili za kioo. Ya kwanza aliidondoshea tone kutoka chupa moja, maji yakawa mekundu kama damu ya mbuzi. Ya pili aliidondoshea kutoka chupa nyingine. Hakukuwa na kitu.

"Nyekundu inasema chuma tatu yumo. Hii ya pili ingekuwa bluu kali kama chuma mbili angekuwepo, hata kidogo. Hayupo."

"Chuma mbili akizeeka si anageuka chuma tatu?"

"Anageuka. Lakini hageuki wote kwa wiki moja ndani ya kopo, nje na ndani, punje zote. Iliyozeeka ingenipa nyekundu na bluu zote mbili. Hii haijawahi kuwa chuma mbili hata siku moja. Imetoka kiwandani tatu, imekufa tatu. Ukiitia kwenye maji ya dhahabu utangoja mpaka kiama. Chuma mbili ndiye anayeishusha dhahabu, maana anayo chaji ya kutoa mpaka afike tatu. Huyu amekwisha kutoa. Hana kitu."

Njia ya kwanza ilikuwa imefungwa. Melania aliuliza kuhusu ile ya tatu polepole.

"Kwa Vipul Pranlal uliuza ipi?"

"Vipul hupiga simu na kusema salfeti ya chuma, kama wewe. Namba anataja yule anayekuja. Donatus. Siku zote anasema mbili. Safari hii alisema tatu, na akachukua mbili kidogo kwenye kifuko cha pembeni."

"Hukushangaa?"

"Nilimwambia, wewe, tatu haishushi dhahabu. Akasema, 'Najua, mama. Tatu ni ya kusafishia maji ya kisima cha bosi.' Ni kweli inasafisha maji ya kisima. Nikampa. Akaomba nimfungie kwenye mfuko mweupe, eti kiroba kinavuja."

"Amejuaje mambo hayo? Si mbeba taka?"

"Mbeba taka!" Bi Sherbanu alimwangalia kwa dharau ya wazi. "Donatus amesoma kemia kidato cha sita. Hakupata chuo. Hesabu uliyoifanya hapo mlangoni huku unatoka jasho, yeye anaifanya akipanga mzigo."

Melania alinunua chuma mbili, fuwele za kijani mbichi, akalipa mwenyewe na kusubiri risiti. Bi Sherbanu alimpa, lakini hakumuaga.

*

Jioni ilikuwa inakaribia aliporudi Nyasubi. Alikuwa amepitia kituoni na kumtoa Luka kwa sahihi yake mwenyewe, na Kalisti alikaa naye kwenye gari, vioo vimepandishwa. Umati ulipomwona fundi ulianza kulitikisa gari.

Melania aliteremka. "Bujiku! Njoo na watu wawili unaowaamini. Wengine wakigusa gari hili tena, dhahabu yenu mtaisikia redioni."

Ndani ya ua wa karakana aliwapanga: Bujiku na wenzake wawili upande mmoja, Vipul mlangoni, Donatus karibu na stoo. Luka alibaki na Kalisti.

"Bosi Vipul, una kisima?"

"Kisima gani? Natumia maji ya bomba, na bili naweza kukuonyesha."

Donatus hakuinua kichwa.

"Bujiku. Jana mlipokuwa mnampiga Luka, alikuwa anasema nini?"

"Uongo."

"Uongo gani? Useme."

"Eti dhahabu imo majini." Bujiku alitema mate pembeni. "Nilikuwa nimeyatazama kwa macho yangu. Maji ni maji."

"Alisema mara moja?"

"Alikuwa analia hilohilo tu. Iko majini, msimwage."

"Mwizi gani anapiga kelele kutangaza alikoficha?"

Wenzake Bujiku walitazamana.

"Na hayo maji yalitokaje mezani?"

"Huyu hapa," alimwonyesha Donatus, "alisema ni sumu, yatatumwagikia tuungue. Akayatia kwenye dumu. Nikamwambia aondoe uchafu wake."

"Alibeba peke yake?"

Mtu aliyepekua soksi za nusu ya Nyasubi hakutaka kulisema lililobaki.

"Lilikuwa zito," alisema Bujiku mwishowe. "Nilimshika upande mmoja mpaka stoo."

"Kalisti, lete dumu."

Donatus alipiga hatua moja, akasimama. Kalisti aliburuta dumu mpaka katikati ya ua. Melania alimimina maji yake kidogo kwenye chombo cha kioo, njano ya kupendeza, na akamtazama Luka.

"Nitie kiasi gani?"

"Kidogo kidogo," alisema Luka kwa sauti ya kukwaruza. "Usikoroge kwa nguvu."

Fuwele za kijani ziliingia. Kwa muda hakukutokea lolote na mmoja wa wenzake Bujiku akaanza kunung'unika. Kisha maji yalifanya ukungu, ukungu ukawa kahawia, na ule ukahawia ukaanza kushuka taratibu hadi ukatanda chini ya kioo. Vipul aliondoka mlangoni bila kujijua.

"Hilo ni tope," alisema Bujiku.

"Ndiyo, tope," alisema Luka. "Ndiyo dhahabu yako. Ndiyo niliyokuwa nakuonyesha jana."

"Kopo lilitiwa chumvi isiyoishusha," alisema Melania. "Jina lilikuwa sahihi kwa watu wasiotaja namba, na humu ndani hakuna anayetaja namba. Isipokuwa mmoja. Alinunua chuma tatu kwa ajili ya kopo, akanunua chuma mbili kwa ajili yake. Alijua mtapigana, na mkishapigana hakuna atakayekumbuka maji machafu. Lisilomwingia akilini ni kwamba mtapiga kambi getini na kumfungia dhahabu ndani. Donatus, kifuko cha chumvi ya kijani kiko wapi?"

Donatus alivua glavu zake, moja, kisha nyingine, akaziweka juu ya ukingo wa karo kwa utaratibu. Alipozungumza, ule unyenyekevu wa asubuhi haukuwepo tena.

"Kiko chumbani kwangu. Na maji ni yangu, afande. Waulize hao. Marudio ni ya nani?"

Wanaapolo wale watatu waliganda.

"Semeni!" aliwakemea. "Mwenye duara mwenyewe amenibebea kwa mikono yake. Alisema mbele ya mashahidi, ondoa uchafu wako. Wako! Mkidai haya maji leo, kesho mwenye karasha gani atalala usingizi? Mtadai na mchanga wa babu zenu?"

Mmoja wa wale wawili, mzee kidogo, alijikuna kidevu. "Kwa desturi, Bujiku, marudio hayadaiwi."

Bujiku alikuwa kama mtu aliyekabwa. Desturi ndiyo iliyompa heshima machimboni, na sasa ilikuwa imemshika koo.

"Marudio ni kinachobaki dhahabu ikishatoka," alisema Melania. "Hapa dhahabu ilizuiwa isitoke. Mwenye karasha akifunga mashine mawe yasisagike, kisha aseme yote ni marudio, mnamwitaje?"

"Mwizi," alisema yule mzee papo hapo, na kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

"Mnajua kunihukumu haraka," alisema Donatus. "Miaka yote hiyo nimebeba sumu yenu na kukohoa damu, hakuna aliyeniuliza ninajua nini. Hata wewe Luka. Ungesoma mfuko ungejua. Hukusoma."

"Haukuwa na maandishi," alisema Luka.

"Rangi je? Rangi nayo ilitaka maandishi?"

Luka alikuwa ameuona ukweli wa neno hilo kabla yake, huko selo, na haukuhitaji kuongezwa chumvi na aliyemponza. Kalisti alimfunga Donatus pingu, naye hakupinga. Aliomba tu kioo kile kifunikwe, vumbi lisiingie.

Bujiku alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya chombo, mikono yake minene ameielekeza kwenye kioo.

"Usiguse," alisema Melania. "Ni kielelezo. Mtaipata mahakama ikimaliza nayo."

"Sawa, mayu. Sawa." Alisimama na kumgeukia Luka, na uso wake ukajitahidi kuwa wa kirafiki, kazi ambayo haukuizoea. "Mdogo wangu, tulikuwa na hasira. Hata wewe ungekuwa sisi ungekasirika. Kuna mganga wa mifupa kule kwetu, mkono huo atauweka vizuri. Yaishe."

Nje umati ulikuwa unagonga geti, ukiuliza kuna nini.

"Mimi siwezi kuyamaliza," alisema Melania. "Lakini siwezi kuyaanza bila neno lake. Luka, kesi ya dhahabu umetoka. Kuna ya pili. Nani aliyekuvunja mkono?"

"Afande, mambo haya ni ya ndugu," alisema yule mzee.

"Sikukuuliza wewe."

Kila mtu aliyekuwa uani alijua jina hilo, na kila mtu alijua kwamba Luka angelazimika kutoka kwa geti lilelile, katikati ya watu walewale, na kesho kutafuta riziki kwao. Bujiku aliinamisha kichwa karibu na sikio lake. "Fikiria mkeo," alinong'ona, na hata kama alikusudia wema, lilisikika kama tishio.

Luka alisogea nyuma hatua moja ili amwone vizuri.

"Huyu hapa," alisema, akamwonyesha kwa mkono wa kushoto.